Taka za Nakuru na Jicho la Baraza

Msomaji, kama umepata kusimama juu ya ukingo wa Menengai wakati wa asubuhi, umeuona mji wa Nakuru umelala mteremkoni, na chini yake ziwa. Mito ya Njoro, Makalia na Nderit huingia katika ziwa lile, lakini hakuna mto utokao. Maji yake hupungua zaidi kwa kunyonywa na jua. Basi kitu kilichotupwa njiani mjini, kikichukuliwa na mvua, mwisho wa safari yake ni pale penye heroe. Ndiyo maana swali la nani azoaye taka za nyumba zetu, na nani amwangaliaye huyo azoaye, ni zito Nakuru kuliko katika miji mingi.

Reli ilifika hapa mwaka 1900, na mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Usidhani kwamba serikali ya zama zile ilishughulikia taka kwa kupenda usafi tu. Ilisukumwa na hofu. Mwaka 1902 tauni ilizuka Nairobi, na soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya mganga wa serikali. Tangu hapo panya akawa adui wa dola, na jaa ni shamba la panya. Mwaka 1921 ikaja Sheria ya Afya, ambayo hata leo ndiyo shina la sheria za afya ya umma nchini Kenya. Inasema kuwa ni wajibu wa kila mamlaka ya mtaa kuliweka eneo lake katika hali ya usafi. Litazame vema neno hilo wajibu, kwa maana tutalirudia.

Mtu aliyeutekeleza wajibu huo machoni pa watu alikuwa bwana afya. Katika mitaa ya Waafrika, kama vile Bondeni, Kaloleni na Shauri Yako, jina lake lilitosha kuwafanya kina mama wafagie ua kabla hajafika. Mwaka 1952 Nakuru ikapewa hadhi ya manispaa, lakini sauti barazani ilikuwa ya wenye ardhi, na wengi wao hawakuwa Waafrika. Kwa hiyo bwana afya aliweza kukagua jiko la Mwafrika, bali Mwafrika hakuwa na njia ya kukagua kazi ya bwana afya. Usimamizi ulikuwako, tena mkali, ila jicho lake lilitazama upande mmoja.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, madiwani wakawa watu wa mitaa ile ile. Lakini mji haukungoja. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 ilipata wakazi 47,151. Ile ya mwaka 1979 ilipata 92,851. Katika muda huo huo mabaraza yalipokonywa kodi ya kichwa iliyokuwa nguzo ya mapato yao. Watu wakawa maradufu, na mfuko ukatoboka. Malori yalizeeka, na taka zikaanza kulala njiani kwa majuma.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Vikundi vya wakazi na kampuni ndogo vilianza kuzoa taka kwa malipo, na mwanzoni mwa karne hii baraza likaigawa kazi hiyo kwa kanda, kila kanda na mzoaji wake mwenye kibali. Mwenye nyumba humlipa mzoaji kila mwezi, na mzoaji hupeleka mzigo katika jaa la Gioto, kwenye mteremko wa Menengai. Mpango huu una busara yake, nami si mmoja wa wale wanaoulaani. Lakini angalia mahali ulipo ufa wake. Mzoaji hulipwa anapoiondoa taka mlangoni pako. Hakuna amlipaye kwa kuifikisha jaani. Kila hatua ya mlima ni mafuta anayoyanunua kwa faida yake. Basi asipokuwapo mtu wa kuhesabu malori yanayotoka kandani na malori yanayofika Gioto, bonde lililo karibu humwita.

Nasema hivi kwa kuwa nimeyaona. Nilipokuwa nikisomea ualimu nilipanga chumba katika mtaa mmoja wa mji huu, nikilipa ada ya taka bila kukosa. Aprili moja ya mvua nyingi nilipita nyuma ya mtaa, nikakuta mifuko imerundikwa katika korongo, mmoja umepasuka, na ndani yake karatasi za masomo yangu zenye mwandiko wangu mwenyewe. Maji yalikuwa yakizichukua moja moja kuelekea ziwani. Nilikwenda kushtaki. Afisa mmoja akaniambia kuwa kazi ile si yao tena, ni ya mzoaji. Na mzoaji akaniambia kuwa korongo si lake, ni la baraza.

Jibu la afisa yule halikuwa sahihi. Baraza laweza kukodi mikono ya kuzoa, lakini ule wajibu wa mwaka 1921 haukuuzwa pamoja na zabuni. Katiba ya mwaka 2010 iliukabidhi waziwazi kwa serikali za kaunti, nazo zikaanza kazi Machi 2013, mabaraza ya zamani yalipovunjwa. Nakuru ikawa jiji tarehe 1 Desemba 2021, na mwaka 2022 Bunge likapitisha sheria mpya ya taka inayotaka zitenganishwe tangu nyumbani. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuwa imepata watu 570,674 mjini humu.

Huko Gioto wako wanaume na wanawake waishio kwa kuchambua taka: chuma huku, plastiki kule, mabaki ya vyakula kwa wenye nguruwe. Lori likifika, wao ndio wa kwanza kulifungua. Hawana daftari wala cheo, lakini mtu anayengoja mzigo kwa ajili ya chakula cha jioni hujua upesi ni lori gani halikupanda mlima leo.