Ukungu Usiopimwa: Maji ya Kilimanjaro na Nyika ya Erika

Kauli kwamba barafu ya kilele cha Kibo ikiisha maji ya Kilimanjaro nayo yatakwisha imezoeleka mno hata haidaiwi ushahidi tena. Imo katika magazeti, imo katika maandiko ya kuombea fedha za miradi, na kila mwaka naikuta katika majibu ya mitihani ya wanafunzi. Naipinga kwa sababu imetufanya tupeleke vifaa vyetu vya kupimia mahali ambapo maji ni machache, tukaacha karibu bila kipimo ukanda unaoyakusanya.

Kwamba barafu inapungua, hakuna anayebisha. Lonnie Thompson na wenzake walionyesha mwaka 2002 kuwa eneo lake lilishuka kutoka kilomita za mraba 12 hivi mwaka 1912 hadi 2.6 mwaka 2000, wakatabiri kwamba ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Muda huo umepita na mabaki bado yapo. Georg Kaser, Thomas Mölg na wenzao wakajibu kuwa chanzo kikuu ni ukame ulioanza mwishoni mwa karne ya 19, wala si ongezeko la joto peke yake. Mjadala huo umezaa makala nzuri, lakini pande zote mbili zimeelekeza macho kileleni. Tangu Februari 2000 kuna kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha juu ya barafu ya kaskazini. Katika nyika ya Erika iliyo karibu mita 2,000 chini yake, vipimo vimefuata uhai wa miradi: fedha zikiisha, vifaa hushushwa na mfululizo hukatika.

Tufanye hesabu ndogo. Mwaka 2007 barafu yote ya Kibo ilikuwa na eneo la kilomita za mraba 1.85. Tuseme inapoteza unene wa mita nzima kila mwaka. Hicho ni kiwango kikubwa kuliko kilichopimwa, kwa kuwa kati ya 2000 na 2007 barafu ya kaskazini ilipoteza mita 1.9 na ya kusini mita 5.1 kwa kipindi chote. Hata kwa ukarimu huo hatufiki mita za ujazo milioni 2 za maji kwa mwaka, na sehemu yake kubwa hugeuka mvuke palepale juu katika hewa kavu bila kuteremka. Mto Pangani, bwawa la Nyumba ya Mungu na chemchemi za Amboseli upande wa Kenya haviwezi kuishi kwa kiasi hicho.

Sasa tushuke. Kati ya mita 3,000 na 4,000 hivi, msitu wa mvua unaupisha ukanda wa Erika, mti wenye majani membamba kama sindano, unaoweza kufikia mita 10 ukiachwa ukue. Juu yake hufuata vichaka, nyasi za mafundo, na mabondeni lobelia na senesio kubwa. Asubuhi anga huwa jeupe. Kuelekea saa sita mawingu hupanda kutoka msituni na kuufunika ukanda mzima. Aliyewahi kufanya kazi hapo anaijua hali hii: kipima mvua kilichosimama wazi kina matone mawili matatu tu, lakini chini ya Erika ardhi imelowa, na ndevu za kuvumwani zinazoning'inia matawini zinachuruzika. Nimewahi kuandika sifuri kwenye daftari huku koti langu likitiririsha maji. Sifuri ile ilikuwa sahihi kwa kifaa na potofu kwa mlima, kwani kipima mvua hupokea kinachoanguka, na ukungu hauanguki. Unahitaji kitu cha kuunasa, na jani la Erika ni kinasa ukungu bora kuliko tambarare yoyote ya nyasi.

Kazi ya mwanaikolojia Andreas Hemp ndiyo nguzo ya hoja yangu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 alionyesha kuwa moto uliteketeza kilomita za mraba 150 hivi za msitu wa mawingu wa juu katika miongo mitatu, na kuushusha mpaka wa miti kwa mita mia kadhaa. Tulifundishwa kwamba joto likiongezeka mimea hupanda mlima. Kilimanjaro miti imeshuka. Ukungu ambao haunaswi tena kwa sababu hiyo umekadiriwa kufikia mita za ujazo milioni 20 kwa mwaka, sawa na maji ya kunywa ya watu milioni 1. Ukigawa kiasi hicho kwa eneo lililoungua unapata milimita 130 na ushei, kiwango cha wastani kabisa kwa mahali ambapo mvua ya upande wa kusini huzidi milimita 1,000. Makadirio haya basi hayajavimbishwa. Hata yakipunguzwa nusu, yanazidi maji ya barafu yote mara tano na zaidi.

Pingamizi la kwanza husema moto ni wa kale. Ni kweli: mashapo ya kreta ya Maundi yana mkaa na chavua vinavyothibitisha kuwa nyika hii imewahi kuungua mara nyingi tangu enzi za barafu kuu. Erika yenyewe huchipua kutoka shinani baada ya kuungua, na moto wa nadra huongeza aina za mimea. Lakini kuchipua kunataka muda. Moto ukirudi kabla kichaka hakijawa mti, mahali pake hushikwa na vichaka vifupi vya Helichrysum na nyasi, navyo hukauka upesi na kuualika moto mwingine. Mlima umeungua tena Oktoba 2020, juu ya kambi ya Mandara, na tena Oktoba 2022, karibu na kambi ya Karanga. Swali la haki ni muda kati ya moto na moto katika sehemu ileile, na kama Erika hupata nafasi ya kurudi katikati yake; picha za setilaiti pekee hazilijibu, maana kwenye picha chipukizi za Erika huweza kuchanganywa na Helichrysum.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wataalamu wa haidrolojia hukumbusha kuwa miti hunywa maji, na katika mabonde mengi ukiifyeka mtiririko wa mto huongezeka. Kwa maoni yangu kanuni hiyo haihamishiki moja kwa moja hadi ukanda wenye baridi na unyevu ambako mti hupumua mvuke kidogo na kunasa ukungu mwingi. Nakiri kwamba naegemea hapa mantiki kuliko namba. Namba zitapatikana tu ukiwapo mfululizo mrefu wa kipima mvua cha wazi, vikinga maji chini ya matawi, na kipimo cha mtiririko wa kijito, vyote katika bonde moja lenye Erika na bonde jirani lililoungua.

Kuhusu nani huwasha moto, nitasema machache. Warina asali hulaumiwa kila mara, na wapo waliowahi kuwa chanzo. Tangu msitu ulipounganishwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005, lawama hiyo imekuwa rahisi zaidi kuitamka, kwa sababu mlaumiwa hayupo kujibu. Sera inayojengwa juu ya lawama bila rejesta ya mahali, tarehe na hali ya hewa ya kila moto ni sera ya kubahatisha.

Kinachohitajika hakina fahari. Ploti za kudumu ziwekewe vigingi vya chuma na marundo ya mawe, kwa kuwa vya mbao huungua pamoja na ushahidi. Zirudiwe mwezi uleule, kwanza kila mwaka baada ya moto, kisha kila miaka mitano. Machipukizi yahesabiwe kwa kila shina na kimo chake kipimwe. Usomaji wa vifaa usimngoje mtafiti anayekuja mara moja kwa mwaka. Wagumu wanaobeba mizigo hupita kambi ya Horombo kila siku, na askari wa hifadhi huishi huko. Wapo wanaolitambua kila bonde hata katika ukungu, na bado katika makala zetu hawatajwi hata kama wasaidizi. Walipwe kwa kazi ya kusoma vipimo na majina yao yaandikwe.

Nawaomba wenzangu wa vyuo vya Moshi, Arusha, Morogoro na Dar es Salaam tusisubiri mradi mkubwa. Kibali cha utafiti cha COSTECH na TAWIRI, wanafunzi wawili, vigingi hamsini na vikinga maji kumi vinatosha kuanza kiangazi kijacho katika eneo lililoungua mwaka 2020, kabla halijaungua tena.