Mwami na Mipaka ya Enzi: Utawala wa Jadi Masisi na Walikale

Ustaarabu wa kale wa Afrika hupimwa mara nyingi kwa magofu: kuta za Zimbabwe Kuu, misikiti ya Kilwa Kisiwani, mapiramidi ya Meroe. Kwa kipimo hicho, milima ya Masisi na misitu ya Walikale, katika Kivu ya Kaskazini, huonekana kana kwamba haina historia. Makala haya yanashikilia kuwa kasoro imo katika kipimo chenyewe. Wahunde na Wanyanga hawakuacha kuta za mawe. Waliacha taasisi, na kuu miongoni mwazo ni enzi ya mwami.

Kabla ya ukoloni hapakuwa na mfalme mmoja wa Wahunde wala wa Wanyanga. Palikuwa na milki nyingi ndogo ndogo, kila moja na mwami wake. Miongoni mwa Wanyanga, mwami alikuwa mtu mtakatifu, lakini hakutawala kwa nguvu ya jeshi. Alizungukwa na washauri na wasimamizi wa ibada, na mrithi wake alizaliwa na mumbo, yaani mke wa kiibada aliyetoka katika ukoo wa mwami mwenyewe. Enzi, basi, haikuwa mali ya mtu mmoja.

Fikra hiyo imo katika utendi wa Mwindo, ambao Daniel Biebuyck aliunukuu mwaka 1956 kutoka kwa mtambaji Rureke, na kuuchapisha pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969. Shemwindo, mwami wa Tubondo, anawakataza wake zake kuzaa watoto wa kiume. Mwindo anazaliwa hata hivyo, anamshinda baba yake, wala hamwui. Baadaye yeye naye anajivuna na kuliua joka. Nkuba, mwenye radi, anampandisha mbinguni ateswe kwa mvua na jua. Anaporudi akiwa mnyenyekevu, ndipo anapowatangazia watu sheria. Utendi huu hauwasifu tu watawala, bali unawaonya.

Ukoloni wa Kibelgiji ulivunja mipaka hiyo. Amri za mwaka 1910 na 1933 zilimfanya mtawala wa jadi kuwa ngazi ya chini ya serikali, na milki ndogo zikaunganishwa. Hapo kale mgeni alipata ardhi kwa kumtolea mwami hidaya, akawa mtu wake. Lakini mpango wa kuwahamishia Wanyarwanda Masisi, ulioendeshwa kuanzia mwaka 1937 hadi 1955, uliwaleta makumi ya maelfu ya watu, na Gishari ikafanywa milki ya pekee hadi ilipofutwa mwaka 1957. Fungamano la mgeni na mwenyeji likakatwa. Sheria ya mwaka 1973 ikaifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na mwaka 1993 mauaji yaliyoanzia sokoni Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi.

Si kwamba enzi ya kale haikujua dhuluma. Utendi wenyewe unaanza na dhuluma ya mwami. Hata hivyo, jamii ilikuwa na njia ya kuikemea. Anayeyaita mapigano ya Kivu chuki ya tangu kale anaisahau historia hii: kilicho cha kale hapa ni mipaka ya madaraka, na kuvunjwa kwake ni jambo la karne ya 20.