Ramani ya Ukutani, Ramani ya Sandukuni

Ukialikwa siku hizi kwenye keja ya mtu Nairobi, hasa mtu ambaye ameanza kushika pesa kidogo, usishangae ukikuta ramani ukutani. Simaanishi ile ya darasani yenye mito ya bluu. Namaanisha ile ya rangi ya chai, kingo zimeliwa, jina la himaya ya Waingereza limeandikwa juu kwa herufi za madoido, yote ndani ya fremu nyeusi juu ya kochi la kijivu. Nyingi ni nakala zilizochapishwa juzi zikazeeshwa na kompyuta. Zinapendeza, sitadanganya.

Mimi nikiiona huwa natafuta umri wake kabla sijaketi. Si kazi ngumu. Kama Naivasha na Kisumu ziko Uganda, ilichorwa kabla ya 1902, mwaka ambao Waingereza walihamisha mpaka. Kama Jubaland bado ni ya Kenya, ni ya kabla ya 1925, maana mwaka huo Waitaliano walikabidhiwa. Ziwa Turkana likiitwa Rudolf, hatujafika 1975. Na kama wewe ni wa kwetu, tafuta Makueni. Usipoiona kama wilaya, tulia, mpaka 1992 tulikuwa sehemu ya Machakos. Ila nakala ninayoipenda kuliko zote ni zile za mwanzoni mwa karne ya 20, zenye mkoa ulioandikwa Ukamba. Ukifuata mpaka wake kwa kidole utakuta Nairobi iko ndani. Waambie hivyo marafiki wako wanaouliza kama Makueni kuna stima.

Kutundika ramani nyumbani si jambo lililoanza na Instagram. Uholanzi wa karne ya 17, wafanyabiashara waliotajirika kwa meli walizitundika sebuleni kama vile sisi tunavyotundika picha ya graduation. Mchoraji Vermeer alizichora mara nyingi nyuma ya watu wake. Katika picha yake moja maarufu, sehemu kubwa ya ukuta wa nyuma imefunikwa na ramani ya mikoa 17 ya nchi za chini, ikiwa kitu kimoja. Wakati anaichora, miaka ya 1660, nchi hiyo ilikuwa imeshagawanyika rasmi tangu 1648. Kwa hivyo hata wao waliweka ukutani nchi ambayo haikuwepo tena, na hakuna aliyewauliza.

Kuna ukuta mwingine ambao sipendi kuufikiria nikiwa nakunywa chai ya mtu. Mwishoni mwa 1884, Berlin, kwenye makao ya Bismarck, wajumbe wa Ulaya walikaa kwenye meza huku ramani kubwa ya Afrika ikining'inia mbele yao. Kuna michoro ya magazeti ya wakati ule inayoonyesha kikao kile. Watu wa nywele nyeupe, karatasi, na bara letu ukutani kama pazia. Mpaka wetu na Tanzania haukuchorwa pale, ulikuja baadaye, 1886 na 1890, kwenye makubaliano ya Waingereza na Wajerumani wenyewe kwa wenyewe. Lakini tabia ya kuangalia nchi kwa mbali ukiwa umekaa ilikuwa imeshakolea.

Sasa, hizo ramani walizipata wapi? Hapa ndipo huwa napandwa na maringo ya Ukambani.

Mwaka wa 1849 mmishonari Mjerumani, Ludwig Krapf, alitoka Rabai karibu na Mombasa akatembea hadi Kitui. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilijulikana hadi pwani. Kivoi ndiye aliyemsimulia kuhusu mlima wenye kitu cheupe kileleni. Tarehe 3 Desemba mawingu yakafunguka, Krapf akauona kwa macho yake kutoka huko huko Ukambani. Jina aliloliandika, Kegnia, ni matamshi ya Kikamba, Kĩĩnyaa, yaliyopita kwenye sikio la Mjerumani. Kutoka hapo likawa jina la mlima kwenye ramani, kisha jina la koloni, kisha la nchi yako na pasipoti yako.

London hawakuamini. Kulikuwa na mwanajiografia mmoja, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku lakini alikuwa na uhakika kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Alishabishana na Rebmann kuhusu Kilimanjaro, aliouona 1848, na mlima wa Krapf nao ukaingia kwenye kesi hiyo hiyo. Miaka michache baadaye Jakob Erhardt, mwenzao, alichora ramani kutokana na maneno ya wasafiri wa misafara. Kila mmoja alimtajia ziwa kubwa, naye akayaunganisha yote yakawa ziwa moja refu lenye umbo la konokono asiye na gamba. Wazungu walicheka, halafu mwaka wa 1857 Burton na Speke wakaanza safari kuja kuangalia. Ziwa halikuwa moja, yalikuwa matatu. Wasafiri hawakudanganya, ni kalamu tu iliyounganisha.

Kivoi hakuiona ramani yoyote yenye mlima wake. Aliuawa mwaka wa 1851 karibu na Mto Tana, akiwa safarini na huyo huyo Krapf.

Baada ya hapo ramani ilibadilisha kazi. Haikuuliza tena njia, ilianza kuweka mipaka. Wakamba wa Machakos walichorewa hifadhi yao, vilima kama Mbooni na Kilungu vikiwa ndani, huku Mua ikienda kwa masetla na nyika za malisho zikiandikwa kuwa ardhi ya Mfalme. Kwenye karatasi nyika ile ilionekana tupu. Kwa mtu mwenye ng'ombe, haikuwa tupu, ilikuwa ya msimu. Tume ya Carter ilitoa ripoti yake 1934 na kukaza mipaka hiyo zaidi. Ng'ombe wakabanana, udongo ukaanza kwisha, na serikali ikaona dawa ni kuwauza ng'ombe kwa lazima wapelekwe kiwanda cha nyama cha Athi River. Mwaka wa 1938 Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, kwa miguu hadi Nairobi. Walipiga kambi wiki kadhaa. Yeye alikamatwa akahamishiwa Lamu, lakini mauzo ya lazima yalisimamishwa. Makueni yenyewe, iliyokuwa nyika ya mbung'o, ilianza kugawiwa watu kwa mpango wa serikali miaka ya 1940.

Ndiyo maana Mukuyuni, kwenye nyumba ninazozijua, hutakuta ramani ukutani. Utakuta kalenda tatu za miaka iliyopita, picha za familia zimetundikwa juu kabisa karibu na dari zikiinama kukutazama, vyeti, pengine saa ya mbao yenye umbo la Afrika. Ramani ipo, lakini iko sandukuni chini ya kitanda, imekunjwa mara nne ndani ya karatasi ya nailoni pamoja na hati. Ni ile ya shamba, yenye namba na mistari, iliyokuja na masabeya waliopima ardhi baada ya uhuru. Inatolewa siku ya kesi, au mtu akifa, au safu ya mkonge ya jirani ikianza kutembea usiku.

Mwaka jana nilienda ofisi za upimaji za serikali, Ruaraka, nikanunua ramani ya kwetu ya kipimo cha 1:50,000. Kwenye kipimo hicho sentimita mbili ni kilomita nzima. Kuna vilima kwa mistari ya kahawia, mito ya msimu kwa alama za kukatika, shule, njia za miguu. Kuna jina Mukuyuni, ambalo maana yake ni penye mkuyu, ingawa mkuyu wenyewe haujachorwa. (Tanzania wana Makuyuni kule Monduli na Mkuyuni pale Mwanza, inaonekana kila mtu Afrika Mashariki aliwahi kukutana na mwenzake chini ya mti huo.) Niliitia fremu nikampelekea susu kama zawadi ya kuweka sebuleni.

Aliiangalia kwa muda mrefu, akaniuliza shamba letu liko wapi. Nikamwonyesha mahali, kati ya mto na barabara. Akaniambia niishushe upesi kabla wageni hawajaingia, mtu anaweza kuangalia mipaka yetu akaenda kuitumia. Nikamwambia, susu, hii haionyeshi mashamba, ona, hakuna mipaka ya mtu yeyote hapa. Akavaa miwani, akaikaribia tena, akafuata mto kwa kidole mpaka ukaisha kwenye fremu.

"Kama haionyeshi mpaka," akasema, "basi wameichorea nini?"