Aina gani ya mbwa hufaa kwa mashindano ya utii na wepesi?

Mwaka 1994 Stanley Coren, profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, alichapisha kitabu kiitwacho The Intelligence of Dogs. Ndani yake mlikuwa na orodha iliyozipanga aina za mbwa kwa kadiri zinavyojifunza amri upesi na kuzitii. Nafasi ya kwanza ilikwenda kwa Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo kutoka mpakani mwa England na Uskoti. Nafasi ya 78, ya pili kutoka mwisho, ilikwenda kwa basenji, mbwa mdogo wa kuwinda kutoka misitu ya Kongo.

Tangu wakati huo, watu wengi wanaotafuta mbwa wa mashindano huanza na orodha hiyo, na baadhi yao huishia hapo hapo. Matokeo huonekana baada ya miezi michache. Mbwa hodari wa kazi, akifungiwa uani kutwa nzima, hubweka bila kukoma, hufukuza baiskeli na kutafuna kila kilicho karibu naye, kisha hutafutiwa nyumba nyingine au hutelekezwa. Mbwa wengi huishi zaidi ya miaka 10, na uchaguzi mbaya humwandama mwenye mbwa, na zaidi mbwa mwenyewe, muda wote huo.

Mashindano yanahitaji nini?

Mashindano ya utii na mashindano ya wepesi hutajwa pamoja mara nyingi, lakini kila moja lina madai yake.

Nchini Marekani, shindano la kwanza la utii liliandaliwa Oktoba 1933 huko Mount Kisco, jimbo la New York, na Helene Whitehouse Walker, mfugaji wa mbwa aina ya Poodle. Alitaka kuwaonyesha watu waliowadharau mbwa wake kwamba wana akili, wala si manyoya ya kupendeza tu. Mwaka 1936 chama kikuu cha mbwa nchini humo, American Kennel Club, kiliupokea mchezo huo rasmi. Katika mashindano haya mbwa hutembea ubavuni mwa mwongozaji bila kumtangulia wala kubaki nyuma, hukaa au kulala chini hadi aitwe, huleta kitu kilichotupwa, na katika ngazi za juu hunusa vitu vinavyofanana na kuchagua kile kilichoshikwa na mwongozaji wake. Alama hupotea kwa dosari ndogo ndogo. Kinachotakiwa ni usahihi na uvumilivu.

Mashindano ya wepesi yalizaliwa London mwaka 1978, yalipoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya mbwa ya Crufts ili kuwaburudisha watazamaji wakati wa mapumziko. Wazo lilitoka kwenye mashindano ya farasi wanaoruka viunzi. Mbwa huruka vizuizi, hupita ndani ya mahandaki ya turubai, hupanda ubao wa pembea, na hupenya kwa kupindapinda katikati ya fito zilizosimikwa kwa mstari. Mwongozaji huruhusiwa kuikagua njia kwa miguu kabla ya mbio, lakini mbwa huiona kwa mara ya kwanza saa inapoanza kuhesabu. Hapo huhitajika kasi, mwili mwepesi, na jicho linalosoma kila ishara ya bega na mkono wa mwongozaji huku mbwa akikimbia.

Kwa hiyo mbwa mtulivu na mzito kidogo aweza kung'ara katika utii na kushindwa katika wepesi. Mwingine mwenye moto mwingi aweza kushinda mbio, kisha ashindwe kukaa kimya dakika tatu.

Kazi ya mababu

Njia iliyo nyoofu zaidi ya kuielewa aina ya mbwa ni kuuliza mababu zake walifanya kazi gani, na walifanya wakiwa karibu na binadamu au wakiwa peke yao.

Border Collie alilelewa kwa vizazi vingi afanye kazi mbali na mchungaji huku akisikiliza mluzi wake. Mashindano ya kuchunga kondoo yalifanyika Bala, huko Wales, mwaka 1873, na kwa muda mrefu wafugaji waliwachagua mbwa kwa kazi waliyoifanya malishoni, si kwa sura. Aliyeacha kusikiliza hakuzalishwa. Golden Retriever na Labrador walizalishwa ili wamletee mwindaji ndege waliopigwa risasi bila kuwararua. Kushirikiana na mtu ndiko kazi yao. Poodle naye, ambaye leo hudhaniwa kuwa pambo, alikuwa mbwa wa kuokota ndege majini.

Wapo mbwa waliozalishwa kwa kazi iliyo kinyume cha hiyo. Mbwa wa Anatolia, ambao tangu miaka ya 1990 wametumika nchini Namibia kulinda mbuzi na kondoo dhidi ya duma, hukaa na mifugo bila mtu wa kuwaamuru. Mbwa wa namna hiyo akisubiri amri, mbuzi ameshaliwa. Terrier naye aliingia shimoni kumkabili mnyama gizani, mahali ambapo sauti ya bwana wake haikuweza kumsaidia.

Somo la mbwa wa Kongo

Hapo ndipo nafasi ya basenji katika orodha inapoeleweka. Msituni, mbwa huyu huwafukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu za wawindaji, akiwa mbele yao na mara nyingi asionekane. Kwa kuwa habweki kama mbwa wengine, hufungwa kengele ya mti shingoni ili wawindaji wajue aliko. Kila uamuzi wa kugeuka, kusimama au kukata njia ni wake. Watu waliomhitaji kwa kazi hiyo hawakuwa na sababu ya kumtaka asubiri ruhusa.

Hata jina lake limebeba hukumu ya watu wengine. Wachunguzi wa lugha hulihusisha na neno la Kilingala lenye udugu na neno la Kiswahili "washenzi". Mbwa hao walifikishwa Uingereza mwaka 1895 wakafa kwa maradhi. Walipopelekwa tena wakaonyeshwa Crufts mwaka 1937, walivuta umati wa watu. Mwaka 1990 American Kennel Club ilifungua daftari lake la koo ili kupokea basenji wapya kutoka Afrika, kwa kuwa wale waliokuwa Marekani walitokana na mababu wachache na maradhi ya kurithi, yakiwemo ya figo, yalikuwa yamewaandama.

Coren mwenyewe alitenganisha akili ya silika, akili ya kutatua matatizo, na akili ya utii. Orodha yake, iliyotokana na maoni ya takriban waamuzi 200 wa mashindano ya utii wa Marekani na Kanada, ilipima hiyo ya tatu tu. Basenji hakuwekwa mkiani kwa ujinga. Alipimwa kwa kazi ambayo hakuzaliwa kuifanya. Wapo basenji waliopata vyeo katika mashindano ya wepesi nchini Marekani, lakini waongozaji wao walihitaji subira kubwa na mazoezi mafupi yenye tuzo ambayo mbwa aliithamini kweli.

Aina zinazoongoza, na gharama zake

Border Collie ndiye anayeonekana zaidi katika ngazi za juu za mchezo wa wepesi. Huhitaji kazi ya mwili na ya akili kila siku, na asipopewa hujitafutia. Kwa mtu anayeondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, sifa zake zote hugeuka kuwa mzigo.

German Shepherd hufaa zaidi kwa utii kuliko kwa mbio za vizuizi, hasa akiwa mzito. Ni mlinzi kwa asili, hivyo huhitaji kuzoeshwa watu na mbwa wengine tangu utotoni. Malinois wa Ubelgiji ana kasi kubwa na hamu ya kazi isiyokatika, ndiyo maana hupendwa na polisi na majeshi. Kwa sababu hiyo hiyo hamfai anayeanza.

Golden Retriever na Labrador ni walimu wema kwa mwongozaji mgeni, kwa kuwa husamehe makosa yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa karibu robo ya Labrador wana hitilafu ya jeni inayohusishwa na hamu kubwa ya chakula. Hamu hiyo huwafanya wapende tuzo ya chakula wakati wa mafunzo, lakini chakula kisipopimwa huwaletea unene unaoumiza viungo.

Kwa nyumba ndogo, Poodle mdogo, Papillon na Shetland Sheepdog hustahili kutazamwa. Wote watatu hujifunza upesi, na katika mashindano ya wepesi hupangwa na wenzao wa kimo chao, kwa hiyo udogo si kikwazo. Shetland Sheepdog hubweka sana, na Poodle hudai kunyolewa mara kwa mara.

Mbwa wa mchanganyiko

Aina humweleza mbwa kwa sehemu tu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Science, uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000, ulionyesha kuwa aina hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Wepesi wa kufuata maelekezo ya binadamu ulikuwa miongoni mwa tabia zilizofungamana zaidi na aina, lakini hata hapo ndugu wa tumbo moja huweza kutofautiana.

Mwaka 2024 mbwa wa mchanganyiko wa Border Collie na Papillon, aitwaye Nimble, alitwaa ubingwa wa wepesi wa Westminster nchini Marekani. Alikuwa mbwa wa kwanza asiye wa damu safi kufanya hivyo, na alikimbia katika kundi la mbwa wadogo. Kanuni hutofautiana, hata hivyo. American Kennel Club iliwafungulia mlango mbwa wa mchanganyiko mwaka 2010, ilhali mashindano ya dunia ya wepesi ya shirikisho la FCI hupokea wenye hati za ukoo pekee. Ni vyema kusoma kanuni za chama husika kabla ya kununua mbwa.

Mwili, joto na dawa

Mbwa mwenye uso uliobonyea, kama Bulldog na Pug, hupumua kwa shida na huzidiwa na joto haraka. Katika ukanda wa joto, mbio za mchana huweza kumuua. Mbwa mwenye mgongo mrefu na miguu mifupi, kama Dachshund, huwa hatarini kuumia uti wa mgongo akirukaruka. Mbwa wakubwa sana huchakaza viungo vyao kila watuapo.

Kwa aina nyingi za mbwa wa kazi, wazazi wote wawili hupigwa picha za eksirei kuchunguza kulegea kwa nyonga, na hupimwa macho. Mnunuzi ana haki ya kuonyeshwa vyeti. Rangi ya madoadoa ya kijivu inayopendwa kwa jamii za Collie nayo ina mtego: wazazi wawili wenye rangi hiyo wakizalishwa pamoja, takriban robo ya watoto huirithi kutoka pande zote mbili, na wengi wa hao huwa viziwi, vipofu au vyote viwili.

Jambo lingine linawahusu sana wafugaji wa Afrika Mashariki. Collie, Shetland Sheepdog na Australian Shepherd wengi hubeba hitilafu ya jeni iitwayo MDR1, inayoruhusu baadhi ya dawa kupenya hadi kwenye ubongo. Ivermektini, dawa ya minyoo na vimelea inayotumika sana kwa ng'ombe na mbuzi, ikitolewa kwa mbwa hao kwa kipimo cha mifugo huweza kuwaua. Border Collie wana hitilafu hiyo kwa nadra zaidi, lakini kipimo cha jeni kipo, na daktari wa mifugo hana budi kuambiwa mbwa ni wa jamii gani kabla ya kumtibu.

Kumchagua mmoja kati ya wengi

Mafundi wa mchezo huu hushauri kuwatazama wazazi kwanza, hasa mama, kwa kuwa woga na utulivu wake huonekana kwa watoto. Kisha hutazamwa watoto wenyewe. Anayemfuata mtu kwa hiari, anayeshtushwa na kelele lakini akarudi upesi kuchungulia, na anayefurahia kucheza kwa kamba au kuleta mpira, ana msingi mzuri. Anayejificha pembeni huhitaji nyumba tulivu zaidi kuliko uwanja wa mashindano.

Samaki mkunje angali mbichi, wasemavyo wahenga, lakini mifupa ya mbwa nayo ina wakati wake. Utii waweza kufundishwa tangu wiki za mwanzo, kwa dakika chache kila siku na kwa tuzo. Kuruka kwa kimo kamili husubiri hadi mifupa ikomae, na kanuni za FCI haziruhusu mbwa kushindana kabla ya miezi 18.

Mwisho wa yote, anayechagua ajipime mwenyewe kabla ya kumpima mbwa: ana saa ngapi kwa siku, ana nafasi kiasi gani, na atamfanyia nini mbwa huyo ikiwa hatashinda hata mara moja. Asiye na jibu la swali hilo la tatu hajawa tayari kuchukua mbwa, hata akiwa na uwezo wa kumnunua aliye wa kwanza katika orodha.