Je, misamaha ya ushuru kwa viwanda huwaletea kazi wakazi wa Kawangware na Kibera?

KILA siku kabla ya mapambazuko, kituo cha magari cha Kawangware 56 jijini Nairobi hujaa watu wanaokwenda kazini na wengine wanaotafuta kazi. Baadhi yao hupanda matatu za kuelekea mjini. Wengine hutembea hadi mitaa jirani ya Lavington na Kileleshwa, ambako ujenzi wa nyumba na kazi za kufua huwapa kibarua cha siku moja. Upande wa Kibera, maelfu hufuata njia ya reli kwa miguu wakielekea Eneo la Viwandani.

Kwa watu hao, suala ambalo wataalamu wa uchumi wamelijadili kwa zaidi ya miaka 30 si la vitabuni. Serikali inapoisamehe kampuni ushuru ili ije nchini, au ihamie sehemu fulani ya nchi, je, kazi hupatikana? Na zikipatikana, humfikia nani?

Misamaha yenyewe

Kenya ilianza kutoa misamaha mikubwa ya aina hii mwaka 1990, Bunge lilipopitisha sheria ya maeneo ya kutengenezea bidhaa za kuuzwa nje, yanayojulikana zaidi kama EPZ. Kampuni iliyosajiliwa chini ya sheria hiyo haikutozwa ushuru wa mapato kwa miaka 10 ya kwanza. Kwa miaka 10 iliyofuata ilitozwa asilimia 25, ilhali kiwango cha kawaida kwa kampuni nyingine za humu nchini ni asilimia 30. Aidha, mitambo na malighafi yake iliingia nchini bila kutozwa ushuru wa forodha wala ule wa thamani ya ziada (VAT).

Eneo kubwa zaidi la serikali lilijengwa Athi River, katika Kaunti ya Machakos, takriban kilomita 25 kutoka katikati ya jiji la Nairobi. Mengine ya watu binafsi yalianzishwa Ruaraka na kando ya Barabara ya Mombasa.

Mwaka 2015 ilipitishwa sheria ya pili, ya Maeneo Maalumu ya Kiuchumi (SEZ). Hii iliweka ushuru wa asilimia 10 kwa miaka 10 ya kwanza, kisha asilimia 15 kwa miaka 10 inayofuata. Miongoni mwa maeneo yaliyonufaika ni Tatu City karibu na Ruiru, Kaunti ya Kiambu, na Naivasha katika Kaunti ya Nakuru.

Ipo pia nafuu iliyokusudiwa waziwazi kuwahamisha wawekezaji. Kuanzia mwaka 2010, kampuni iliyowekeza angalau Sh200 milioni nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu iliruhusiwa kuondoa asilimia 150 ya gharama hiyo katika mapato yanayotozwa ushuru. Nafuu hiyo ilipunguzwa Aprili 2020, ingawa sehemu yake ilirejeshwa baadaye.

Kazi zilipatikana, kisha zikapungua

Haiwezekani kudai kwamba mpango wa EPZ haukuzaa ajira. Mwaka 2000 maeneo hayo yalikuwa na wafanyakazi wapatao 6,000. Kufikia mwaka 2003 idadi ilikuwa imepita 35,000, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo. Kufikia mwisho wa miaka ya 2010 idadi hiyo ilikuwa imezidi 50,000.

Hata hivyo, tarehe hizo zinaeleza jambo jingine. Msamaha wa ushuru ulikuwapo tangu mwaka 1990, lakini kwa miaka 10 viwanda vilikuwa vichache. Vilifurika baada ya Mei 2000, Marekani ilipotunga sheria ya AGOA iliyoruhusu nguo kutoka mataifa ya Afrika kuingia huko bila ushuru wa forodha. Kilichowaleta wawekezaji kwa wingi, basi, kilikuwa ni soko.

Ushahidi wa upande wa pili ulionekana Januari 2005. Mkataba wa kimataifa uliokuwa ukiyawekea kipimo mauzo ya nguo ya mataifa kama China ulimalizika, na ushindani ukawa mkali. Baadhi ya viwanda vya EPZ vilifunga milango na maelfu wakapoteza kazi, ingawa msamaha wa ushuru wa Kenya haukuwa umebadilika hata kidogo. AGOA nayo imekuwa ikirefushwa kwa vipindi. Sheria ya mwaka 2015 iliipa muda hadi Septemba 30, 2025, na kila kipindi kilipokaribia kwisha, wafanyakazi wa Athi River waliingiwa na wasiwasi.

Utafiti wa Benki ya Dunia uliochapishwa mwaka 2013 uliwauliza wawekezaji kama wangewekeza hata bila kupewa nafuu za ushuru. Nchini Rwanda asilimia 98 walisema wangewekeza, Uganda asilimia 93, Tanzania asilimia 91 na Kenya asilimia 61. Maana yake ni kwamba hata nchini Kenya, ambako nafuu hizo zilionekana kuwa na uzito zaidi, wengi wa waliosamehewa walikuwa tayari kuja na kulipa.

Hasara kwa hazina ya umma si ndogo. Mwaka 2012, mashirika ya ActionAid na Tax Justice Network Africa yalikadiria kuwa misamaha na nafuu za ushuru za kila aina ziliigharimu Kenya zaidi ya Sh100 bilioni kwa mwaka.

Umbali na mshahara

Kwa mkazi wa Kawangware, swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Misamaha mingi humvuta mwekezaji aondoke jijini, ilhali mtafutaji kazi anaishi jijini. Ili kufika Athi River hana budi kupanda gari hadi katikati ya mji, kisha jingine la Barabara ya Mombasa.

Chukua mfano wa mfanyakazi anayelipa nauli ya Sh100 kwenda na Sh100 kurudi kwa siku 26 za kazi. Atatumia Sh5,200 kwa mwezi kabla hajanunua unga wala kulipa kodi ya nyumba.

Mshahara nao hubadilika kulingana na mahali. Agizo la mishahara la Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida kuwa Sh16,113 kwa mwezi katika miji ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Katika manispaa za zamani, pamoja na Mavoko ambamo Athi River imo, na Ruiru, kima hicho kilikuwa Sh14,866. Kwa hiyo kiwanda kinachohama Nairobi kwenda maeneo hayo hupata nafuu ya ushuru na pia haki ya kulipa zaidi ya Sh1,200 pungufu kwa kila kibarua. Ile nauli ya Sh5,200 ni zaidi ya thuluthi moja ya mshahara huo.

Ndiyo sababu wengi wanaopata kazi huko huhamia karibu na viwanda. Kazi inaweza kuwa imepatikana, lakini haikupatikana Kawangware.

Ubora wa kazi nao uliwahi kuzua mgogoro. Januari 2003, majuma machache baada ya serikali ya NARC kuingia madarakani, wafanyakazi wa EPZ waligoma kwa wingi wakilalamikia ujira duni, saa nyingi za kazi na kuajiriwa kama vibarua kwa miaka. Mwaka uliofuata, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya (KHRC) ilitoa ripoti iliyoyaunga mkono malalamiko hayo.

Kazi za kompyuta

Baadhi ya ajira za EPZ hazihitaji cherehani. Kampuni ya Samasource, iliyoanzishwa na Leila Janah mwaka 2008 kwa nia ya kuwapa watu maskini kazi za kompyuta, ilisajiliwa Kenya chini ya mpango wa EPZ na kuwaajiri vijana kutoka mitaa kama Kibera na Mukuru. Hapa kazi iliufuata mtaa, na wengi walipata mshahara wa kila mwezi kwa mara ya kwanza.

Lakini Januari 2023 kampuni hiyo ilipotangaza kwamba inaacha kazi ya kukagua maudhui ya Facebook, wafanyakazi wapatao 260 waliambiwa ajira yao imekwisha. Walikwenda mahakamani, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta, inayomiliki Facebook, inaweza kushtakiwa nchini Kenya. Kama ilivyokuwa kwa nguo, hatima ya kazi iliamuliwa na mkataba wa mteja wa ng'ambo.

Masharti ndiyo hoja

Si kila nafuu hutolewa bila masharti. Tangu mwaka 2016, sheria ya Kenya imemruhusu mwajiri anayechukua angalau wahitimu 10 wa vyuo vikuu kama wanagenzi kwa muda wa miezi sita hadi 12 kupunguziwa ushuru kwa kiasi cha nusu ya mishahara anayowalipa. Hapa nafuu huja baada ya watu kuajiriwa, wala si kabla.

Nje ya nchi, jimbo la Wisconsin nchini Marekani liliiahidi kampuni ya Foxconn karibu dola bilioni 3 mwaka 2017 ili iajiri watu 13,000. Kwa kuwa mkataba ulifunga malipo kwa idadi ya walioajiriwa, kampuni iliposhindwa kufikia lengo la mwaka wa kwanza haikupata chochote. Mwaka 2021 mkataba ulipunguzwa hadi dola milioni 80 kwa kazi 1,454.

Uzito wa suala hili unaonekana katika takwimu za kitaifa. Kwa mujibu wa Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS), kazi mpya 782,300 zilipatikana nchini mwaka 2024, na 703,700 kati ya hizo zilikuwa za sekta ya juakali. Fundi wa cherehani wa Kawangware, muuza mboga na seremala ndio waliobeba mzigo wa kuajiri, na sheria za EPZ na SEZ hazikuandikwa kwa ajili yao.

Serikali itaendelea kutangaza maeneo mapya ya viwanda. Mwananchi anayetaka kuyapima ana maswali matatu ya kuuliza: ni watu wangapi walio katika orodha ya mishahara, wamekuwamo kwa muda gani, na ni kiasi gani cha ushuru kilichosamehewa kwa kila mmoja wao. Bila majibu hayo kuchapishwa kampuni kwa kampuni, msamaha hubaki kuwa ahadi, na anayesubiri matatu pale 56 hana njia ya kujua iwapo umemfaa.