Kupata mlinganyo wa mstari mnyoofu kutoka kwenye grafu

Tuchukue nyumba yenye tangi la maji ya mvua la lita 5,000. Kiangazi kimeingia, na swali la kila jioni ni moja: maji haya yatatosha hadi lini? Tuseme kijana wa sekondari hapo nyumbani amekuwa akipima maji na kuweka alama kwenye karatasi ya miraba, siku kwenye mhimili wa mlalo (x) na lita kwenye mhimili wa wima (y). Nukta zake zimekaa kwenye mstari mmoja mnyoofu, unaoshuka kuelekea kulia. Lakini karatasi inaishia siku ya 20, na tangi bado lina maji. Jibu tutalipata kwa mlinganyo.

Mlinganyo wa mstari wa namna hii huandikwa y = mx + c. Herufi m ni mteremko, yaani y hubadilika kwa kiasi gani x inapoongezeka kwa 1. Herufi c ni thamani ya y wakati x ni 0.

Tuanze na mteremko. Chagua nukta mbili zilizo juu ya mstari na zilizo mbalimbali, kwa sababu zikikaribiana sana, kosa dogo la kusoma huwa kubwa. Hapa siku ya 4 ina lita 4,200 na siku ya 12 ina lita 3,000. Tofauti ya lita ni 3,000 − 4,200 = −1,200. Tofauti ya siku ni 12 − 4 = 8. Gawanya −1,200 kwa 8, unapata −150. Alama hiyo ya kutoa usiiache: inasema maji yanapungua, lita 150 kila siku. Toa kwa mpangilio uleule kwenye lita na kwenye siku. Ukichanganya, tangi litaanza kujaa katikati ya kiangazi!

Kupata c, tazama mstari unapokata mhimili wa wima. Ni 4,800. Basi mlinganyo ni y = −150x + 4,800.

Hapa kuna mtego ambao hata wanafunzi wazuri hunaswa nao. Kama siku kwenye mchoro zinaanzia 4 badala ya 0, mstari utagusa mhimili wa wima kwenye 4,200, na hiyo si c. Tumia nukta unayoijua: 4,200 = −150 × 4 + c, hivyo c = 4,800. Vilevile soma namba za kipimo, usihesabu miraba. Mraba mmoja unaweza kuwa lita 200.

Hakiki kwa nukta ambayo hukuitumia. Siku ya 20: −150 × 20 + 4,800 = 1,800. Grafu nayo inasema 1,800, kwa hiyo tuko sawa.

Sasa weka y = 0, unapata x = 32. Ila bomba la tangi halikai chini kabisa. Kama lita 300 hubaki chini yake, weka y = 300, na maji yatakoma kutoka siku ya 30. Na wakiongezwa ng'ombe wawili wa kunyweshwa, mstari utavunjika siku hiyo. Chukua nukta mbili mpya baada yake na upige hesabu upya.