Somo la Redio: Kodi ya Kichwa na Kodi ya Mali

Kaeni vizuri, na kila mmoja awe na daftari na kalamu. Wiki iliyopita tulisoma hesabu za mizani. Leo tutasoma habari za zamani, lakini mtaona ya kwamba mizani bado imo ndani yake.

Swali letu ni hili: je, mtu mwenye mali nyingi sana atoe kodi kubwa kuliko wengine? Najua wengi wenu mmekwisha kujibu moyoni, "Naam, atoe!" Ngojeni kwanza. Katika nchi yetu hii watu maskini waliwahi kulikataa jambo hilo, wakaacha nyumba zao na kulala nje kwa ajili ya kulikataa. Twataka kujua kwa nini.

Tuanze mbali kidogo. Wazee wa Bugufi na Rusubi wanasimulia jinsi watu walivyopeleka kwa mtawala pombe ya ndizi, au jembe, au siku za kazi shambani kwake. Hiyo haikuitwa kodi, lakini ilikuwa kodi. Kisha wakaja Wadachi. Mwaka 1897 walitoa amri ya kodi ya nyumba, na mwaka 1898 ikaanza kutozwa. Huko mashambani nyumba moja ilidaiwa rupia 3. Asiye na rupia aliweza kufanyishwa kazi badala yake, na hilo ndilo lililotakiwa hasa, maana mashamba ya walowezi yalihitaji watu.

Sasa angalieni hesabu. Tuseme mtu mmoja ana mbuzi 2, na jirani yake ana ng'ombe 200. Kila mmoja ana nyumba moja. Wote wawili wanatakiwa kutoa thamani ya mbuzi mmoja. Wa kwanza ametoa nusu ya mali yake. Wa pili hata hakumbuki kwamba ametoa kitu. Kodi ya namna hii ni sawa kwa kiasi lakini si sawa kwa uzito. Andikeni maneno hayo mawili, kiasi na uzito, kwa sababu tutayatumia tena.

Waingereza walipoitawala Tanganyika walitoa sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Mwenye nyumba alilipia nyumba, na ikiwa alikuwa na wake wawili katika nyumba mbili, alilipia zote mbili. Kijana asiye na nyumba alilipia kichwa chake. Wakati huo mtu mweupe mwenye mshahara mkubwa hakutozwa kodi ya mapato hata kidogo. Kodi ya mapato haikuanza Tanganyika mpaka mwaka 1940, Serikali ilipohitaji fedha za vita. Maana yake, kwa miaka mingi mkulima alihesabiwa nyumba na kichwa, na mapato ya tajiri hayakuhesabiwa na mtu.

Hapo ndipo tunafika Upare. Katika siku za Vita Kuu ya Pili, watawala wa wilaya ile walibuni kodi mpya juu ya ile ya zamani. Hii haikuwa sawa kwa kila mtu, bali ilipandishwa kwa kadiri ya mali: mwenye mifugo na mashamba mengi alipe zaidi, asiye na kitu alipe kidogo. Wakaipa jina la mbiru, ambalo lilikuwa jina la ushuru wa kale waliopewa watemi wa Kipare. Kwa maneno ni kodi ya haki kabisa, na mimi ningeulizwa siku ile ningeisifu.

Wapare hawakuisifu. Mwaka 1944 walianza kuipinga, na mwezi wa Januari 1945 walishuka kutoka milimani, maelfu ya watu, wakaja mpaka Same palipokuwa na boma la wilaya. Hawakuja na mikuki. Walikaa. Walikuwa tayari kutoa kodi ile ya kawaida, lakini mbiru walisema hapana. Jambo hili halikwisha kwa siku mbili wala tatu. Lilichukua miezi na miezi. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliinuka. Husimuliwa ya kwamba walimwendea Bwana Shauri wakamwambia kuwa waume zao wako Same kwa sababu yake, basi yeye sasa ndiye awe mume wao wote. Nadhani Bwana Shauri hakulala vizuri usiku ule. Kufika mwaka 1947 Serikali iliiacha mbiru, ikarudi kwenye kodi ya kiasi kimoja. Profesa Isaria Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya habari hii, kikatoka mwaka 1971.

Sasa, kwa nini mtu wa mbuzi 2 akatae kodi ambayo ingemlemea tajiri kuliko yeye? Fikirini ni nani aliyepima. Mali ilikadiriwa na watu wa baraza la mtemi. Mtu aliambiwa tu, "Wewe utalipa kiasi hiki," naye hakujua amehesabiwaje. Jirani mwenye ng'ombe wengi lakini mwenye ndugu barazani aliweza kuandikiwa kidogo, na mtu mnyonge aliyegombana na mtemi akaandikiwa kingi. Hakuna aliyeona mizani. Basi watu wakaona heri kodi ile iliyo mbaya lakini inajulikana, kuliko iliyo nzuri na inapimwa gizani. Wengine husema ya kwamba Wapare walipinga kodi kwa sababu hawakutaka maendeleo. Mimi siyakubali maneno hayo hata kidogo. Mtu anayekwenda kwa miguu mpaka Same akiwa na kodi yake ya kawaida mfukoni hakatai kulipa.

Baada ya hapo mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1955 kodi ya binafsi ilichukua mahali pa ile ya nyumba na ya kichwa. Uhuru ukaja 1961, na Azimio la Arusha mwaka 1967 likasema wazi kwamba kiongozi asiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha. Mwaka 1969 kodi za kichwa za halmashauri zilifutwa, na kodi ya mauzo ikaanzishwa. Watu walifurahi, lakini kodi ya mauzo hujificha ndani ya bei. Katika miaka ya 1980 kodi ya kichwa ilirudi kwa jina la kodi ya maendeleo, nayo ikafutwa mwaka 2003. Nilikuwa mtoto wa shule wakati huo, na nakumbuka wanaume wa kijiji chetu wakiingia migombani kila mgambo walipoonekana barabarani. Mwenye duka kubwa hakukimbia. Yeye alikuwa na stakabadhi yake, tena kiasi kilekile walichoshindwa wale wa migombani.

Na siku hizi je? Kodi ya mishahara sasa ina ngazi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2021, mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi kodi hiyo. Juu yake sehemu ya kwanza hukatwa 8 kwa mia, na ngazi hupanda mpaka 30 kwa mia kwa kila shilingi inayozidi 1,000,000. Ni ngazi nzuri, lakini tazameni inapoishia. Anayepata milioni 1 na laki 2 na anayepata milioni 50 wamesimama kwenye kipandio kimoja cha juu. Shilingi ya mwisho ya kila mmoja hukatwa sawa. Tena mshahara huonekana, hukatwa kabla mtu hajaushika. Bali tajiri mkubwa mara nyingi haishi kwa mshahara. Anaishi kwa majumba, hisa na mashamba ambayo thamani yake hupanda akiwa amelala.

Wako wanaosema kwamba tajiri akiongezewa kodi ataficha mali yake au ataihamisha, na mwenye duka ataiweka kodi ile juu ya bei ya sabuni. Hofu hiyo ina kweli ndani yake. Lakini hata mkulima wa kahawa angeficha kama angeweza; hawezi kwa sababu kahawa yake hupimwa mbele ya macho ya watu wote wa chama. Kwa hiyo mimi nasema tajiri sana aongezewe kodi, ila kwanza mali yake ipimwe waziwazi kama kahawa ile, na anayepima asiwe mtu wa nyumbani kwake.

Kwa wiki ijayo, kila mwenye stakabadhi ya zamani ya kodi, iwe yake au ya baba yake, ailete darasani. Someni tarehe, someni kiasi, kisha mwulizeni mzee mmoja: wakati ule mbuzi aliuzwa bei gani? Andikeni jibu lake karibu na kiasi cha kodi.